Siku Nilipoziba Njia ya Kukhu

Mwanangu, siku nyingi za maisha yangu zimepita bila kuacha alama, lakini ipo Alhamisi moja ninayoikumbuka hadi rangi ya kitambaa nilichokuwa nimejifunga kichwani. Vuta kiti nikusimulie. Nikifika katikati usinitazame sana usoni, maana hapo sauti yangu haijawahi kunyooka.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimeolewa kutoka Bungoma mjini nikaletwa Kitale, kwenye nyumba ya wakwe zangu, upande wa barabara ya kwenda Kachibora. Mtaa wenyewe haukuwa mji, na haukuwa shamba. Nyumba za matofali zenye mabati mekundu, kila moja na kipande chake cha mahindi nyuma. Msikiti mdogo wa rangi ya kijani. Kinu cha kusaga unga kilichoanza kunguruma asubuhi na mapema. Na duka la vyuma la Mzee Singh, lililokuwa pale tangu mume wangu akiwa mtoto. Nyumba yetu aliijenga baba mkwe, fundi wa matrekta, ambaye nilipoolewa alikuwa tayari ni marehemu. Vyumba vitatu, baraza pana, jiko nje. Kuizunguka kulikuwa na ua wa kayaba, ule mti wa miiba mirefu na matunda ya manjano makali ambayo watoto hula na chumvi. Nyuma, kwenye ua huo, kulikuwa na pengo. Mtu mmoja angeweza kupita akijikunja kidogo. Nilipouliza ni nani alilikata, niliambiwa tu kwamba lilikuwepo kabla nyumba haijapigwa mabati.

Mume wangu, Wekesa, alikuwa mwalimu huko Kapsokwony, juu mlimani. Alikuwa akija Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Siku zilizobaki nilikuwa mimi, binti yetu Nafula ambaye alikuwa bado anatambaa, mashine yangu ya kufumia sweta za shule, na mama mkwe. Mtaa mzima ulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu, hata wale ambao hawakuwa Wabukusu.

Sasa nikueleze nilivyokuwa, nisije nikajipamba. Sikuwa mbaya. Nilikuwa mtu asiyetulia. Ningefuma mistari kumi, ninyanyuke nikachungulie dirishani, nirudi nifume mitano, nitoke nikafagie mahali nilipofagia asubuhi. Nyumba ilikuwa kubwa, haikuwa yangu, na kila aliyepita barabarani niliona kama anakuja kuipima. Nilitaka ionekane nyumba ya watu waliosoma. Nilitaka lango lipakwe rangi. Nilitaka tusizungumzwe.

Na Kukhu alikuwa ameanza kusahau.

Alianza na vitu vidogo: chumvi kwenye chai, kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Halafu akawa ananiuliza, kwa upole wa kuumiza, "Mama, wewe umekuja kushona nguo? Wenyewe wamekwenda wapi?" Lakini kila asubuhi, umande ukikauka, alijifunga kitambaa chake, akachukua kikapu kitupu, akajikunja akapita kwenye lile pengo. Angerudi karibu na saa sita, na kikapuni mna nyanya mbili, au kipande cha sabuni, au mandazi mawili yaliyofungwa kwa gazeti. Nami nilikuwa nikiyatazama yale mandazi kana kwamba ni matusi. Watu watasema simlishi, niliwaza.

Ikaja kusemwa kweli. Siku moja baada ya ibada, mwanamke mmoja wa chama chetu alinisogelea akaninong'oneza, "Mama Nafula, si vibaya nikikuambia? Ati mama mkwe wako anaombaomba mtaani. Mtu alimwona amekaa nyuma ya duka la Mhindi, bana." Alicheka kidogo, kicheko cha kunionea huruma. Mwanangu, kicheko kile nilikwenda nacho nyumbani, nikala nacho, nikalala nacho.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo mzuri, lakini hata dawa nzuri ukiimeza vibaya inakuwa sumu. Mimi niliuchukua jinsi ulivyonifaa. Jumatatu, Wekesa akiwa ameshaondoka, nilimwita fundi. Akaliziba lile pengo kwa seng'enge na vipande vya mabati makuukuu, akavipigilia kwenye nguzo mbili. Kazi ya nusu saa. Nilimwambia Kukhu, "Mama, kuanzia leo utapumzika hapa barazani. Ukitaka chochote niambie." Aliitikia vizuri sana. "Ndiyo, mama. Asante."

Kesho yake alijifunga kitambaa, akachukua kikapu, akaenda nyuma. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Alisimama mbele ya yale mabati, akayagusa kwa kiganja, pole pole, kama mtu anayempapasa mtoto kuona kama ana homa. "Mulango iko wapi?" akauliza. Hakuniuliza mimi. Aliuliza ule ua. Kisha akaanza kuzunguka nyumba. Akazunguka, akarudi pale pale, akagusa, akazunguka tena, mpaka saa sita. Jumatano ilikuwa hivyo hivyo. Nyasi za pembeni mwa nyumba zikalala chini zikawa njia.

Jumatano hiyo jirani yetu wa nyuma, Mama Zuhura, alizunguka barabara nzima akaja kwa lango la mbele. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, mjane kama Kukhu, aliyekuwa akipika mandazi ya kuuza karibu na msikiti.

"Hodi, mwanangu. Sijamwona mwenzangu siku ya pili leo. Nikafika pale nikakuta mabati."

"Anapumzika," nilisema. Sikumkaribisha kiti.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ila kila nyumba ina mambo yake, Mama Zuhura."

Hakukasirika. Akasema, "Sawa. Lakini mtu mzima hazuiliwi zizini, mwanangu. Hata ng'ombe hufunguliwa asubuhi." Akaenda zake. Nami nikarudi kwenye mashine, nikawa nikikosea mistari na kuifumua.

Basi ikaja ile Alhamisi. Kama saa nne hivi mteja alikuja kuchukua sweta zake. Nilimfungulia lango, tukapakia mzigo, akaenda, nami nikarudi ndani. Lango nililirudisha tu, komeo sikulitia. Nafula alikuwa amelala. Niliketi kwenye mashine, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne sikusikia zile nyayo zikizunguka nyumba. Nikafuma. Nilifuma mgongo mzima wa sweta na mkono mmoja, nikajisikia vyema, nikawaza: hatimaye amezoea.

Mwanangu, niliufurahia ule ukimya. Ndilo jambo ambalo sijaweza kumweleza mtu kwa miaka mingi.

Nilipotoka kumwita ale, baraza lilikuwa tupu. Nyuma hakuna mtu. Chooni hakuna. Lango lilikuwa wazi.

Hapo ningepiga yowe. Mtu mwenye akili angepiga yowe. Mimi nilimfunga Nafula mgongoni, nikajifunika leso vizuri, nikatoka nikitembea upesi lakini si mbio, kama mtu anayekwenda dukani. Nilitaka nimpate kabla mtu hajajua. Nilikwenda upande wa Kachibora hadi nyumba zinapoishia, nikarudi. Nikaenda upande wa mjini. Nikakutana na watu watatu wanaonijua, wakanisalimu, nikasema nzuri, nikapita. Mtu aliniuliza, "Mama Nafula, kwema?" Nikajibu, "Kwema kabisa." Mficha uchi hazai, walisema wazee, nami nilikuwa naficha uchi huku jua likienda. Saa mbili nzima nilizipoteza hivyo. Na baadaye nilijua kwamba katika saa hizo mbili bado alikuwa mjini, amekaa kwenye ngazi za jengo karibu na stendi, na yeyote wa mtaa wetu aliyetumwa kule angemshika mkono akamrudisha.

Nilipofika nyumbani mara ya tatu, bado hakuwapo. Nikaenda nyuma, nikasimama mbele ya yale mabati, nikaita kwa sauti ambayo sikuitambua, "Mama Zuhura! Mama Zuhura!"

"Naam!"

"Kukhu amepotea."

Nikasikia sauti yake, karibu kabisa na upande wa pili wa bati: "Tangu lini?"

Nilipomwambia, nilisikia sufuria ikitua chini kwa kishindo na kandambili zikienda mbio. Mwanangu, kuna watu ambao ukiwafikia umechelewa hukuuliza kwanza kwa nini umechelewa. Mama Zuhura hakuniuliza. Wakati wa sala ya alasiri tangazo lilitoka kwenye kipaza sauti cha msikiti, jina la Kukhu na rangi ya nguo yake, kwa sauti ya imamu mwenyewe. Mzee Singh alifunga duka mchana kweupe, akatoa pikapu yake. Mzee wa kinu alizima mashine. Wanawake walitoka na aproni zao. Nilisimama katikati ya barabara niliyoona aibu kupigia yowe, nikaiona imejaa watu, na kila mmoja alikuwa akimwambia mwenzake njia ambazo Kukhu hupenda.

Hapo ndipo nilipoelewa, kipande kwa kipande, kutoka midomoni mwao. Saa tatu alikuwa akifika kwa Mama Zuhura, akinywa chai ya tangawizi na kumsaidia kufunga mandazi. Saa nne Mama Zuhura alikuwa akimsindikiza hadi uchochoro wa duka, ambapo mama yake Mzee Singh, kikongwe asiyejua Kiswahili zaidi ya "karibu" na "kaa", alikuwa akimngojea kwenye mkeka nyuma. Wawili hao walikuwa wakichambua dengu pamoja, kila mmoja akisimulia kwa lugha yake, na wakicheka. Saa tano na nusu Mzee Singh alikuwa akimwita mzee wa kinu, naye akimleta Kukhu hadi kwenye pengo letu, akisimama hapo hadi amwone amefika barazani. Zile nyanya, ile sabuni, vilikuwa shukrani kwa kazi aliyofanya. Hakuomba kitu kwa mtu. Watu walikuwa wakipokezana mama yangu mkwe mkono kwa mkono, kila siku, mimi nikiwa ndani nafuma, na hakuna aliyewahi kuja kunidai hata asante.

"Sisi tulidhani unajua," mzee wa kinu aliniambia. "Si ndiyo maana ulikuwa unamwacha apite?"



Karibu jua kutua, mama mmoja wa kuuza ndizi stendi alisema amemwona bibi mwenye kikapu akipanda gari la Bungoma. Kondakta alimhurumia akampandisha bure. Alikuwa akisema anakwenda kwao, Lwakhakha, mama yake anamngoja. Lwakhakha, mwanangu, ni mpakani na Uganda, na mama yake Kukhu alikuwa amezikwa kabla mimi sijazaliwa. Simu ya Kapsokwony haikushika, miaka ile mlimani mtandao ulikuwa wa kubahatisha, tukampa dereva wa gari la huko ujumbe ampelekee Wekesa. Usiku ule sitausimulia. Ulipita.

Alfajiri tuliondoka na pikapu: Mzee Singh kwenye usukani, mimi katikati na Nafula mapajani, Mama Zuhura dirishani. Bungoma mjini, mji niliozaliwa, niliuona kama mji wa kigeni. Stendi tulimpata kijana wa magari ya Lwakhakha aliyemkumbuka. "Huyo shosho? Alishuka kabla ya mpaka, akasema ameona mti wa kwao. Nilimwambia ngoja nikupeleke, akakataa, ati anajua njia."

Tuliuliza nyumba kwa nyumba. Kila mara mlango ulifunguliwa, mtu akatikisa kichwa, nasi tukaenda wa pili. Hatimaye mtoto wa shule akatuelekeza kwenye boma moja lenye nyumba mpya ya bati. Aliyetupokea alikuwa msichana wa rika langu, mke wa watu, ana mtoto mgongoni kama mimi.

"Yuko ndani amelala," alisema. "Alikuja jioni. Alisimama hapo mlangoni akasema hapa ni kwao."

"Na wewe ukamjua?" Mama Zuhura aliuliza.

"Hapana. Hata mume wangu hamjui. Shamba hili wakwe zangu walilinunua zamani." Akainua mabega. "Lakini alisema ni kwao. Nikasema basi, kama ni kwao, aingie."

Aliyasema kirahisi hivyo, mwanangu, kana kwamba duniani hakuna namna nyingine ya kujibu. Alikuwa amemwosha miguu na kumlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Nami niliyekuwa mkwe wake kwa pete na kwa mahari nilisimama mlangoni mwa mgeni, nikakosa pa kuweka macho.

Kukhu alikuwa amefungwa vitambaa miguuni. Viatu vilikuwa vimemtoka njiani, na nyayo zilikuwa zimechanika. Uso wake uling'aa kwa homa. Alipomwona Mama Zuhura alicheka. "Zuhura! Chai yangu imepoa?" Kisha akaniona. Alinitazama muda mrefu, akijaribu kunitafuta mahali fulani ndani ya kichwa chake, na nilimwona aliponipata. Akamwambia mwenzake, polepole, kama anayemtahadharisha, "Huyu ni ule mama wa kufunga."

Katika yote aliyoyasahau, mwanangu, hilo alilikumbuka.

Wakati wa kurudi, Mzee Singh alisimamisha gari njiani ili injini ipoe. Sisi wanawake sasa tulikuwa nyuma ya pikapu, Kukhu amelala, kichwa kwenye paja langu, na Nafula amepakatwa na Mama Zuhura. Nilianza kulia. Nikasema, "Nisamehe, Mama Zuhura. Nilidhani mtatucheka."

Alinyoosha mkono akaifunika vizuri miguu ya Kukhu. Kisha akasema, "Mimi nikusamehe nini? Sina deni nawe. Lakini nitakwambia, kwa sababu mama yako hayupo hapa wa kukwambia. Uliona pengo, ukaona aibu. Hukuuliza pengo lile linapeleka wapi. Miezi yote hiyo hukuwahi kujikunja upite siku moja tu, uone. Na jana ulipoharibu, ulizunguka na mtoto mgongoni saa mbili, ukiwajibu watu kwema. Kukosea ni kwa kila mtu, mwanangu. Hizo saa mbili ndizo zimeichana miguu hii." Akanifuta machozi kwa ncha ya leso yake, kwa nguvu kidogo, kama anavyofutwa mtoto pua. "Basi. Nyamaza. Utamwamsha."

Wekesa tulimkuta amefika, amesimama uani. Alimbeba mama yake hadi ndani. Nilimweleza kila kitu mbele ya Mama Zuhura, bila kuruka lile la lango wala lile la saa mbili. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema tu, "Ungeniuliza." Nilichukua panga na koleo nikaenda nyuma nikayang'oa yale mabati mwenyewe. Miiba ya kayaba ilinichana hadi viwiko, na sikutaka mtu anisaidie.

Ningependa kukuambia kwamba Kukhu alipona akarudia safari zake. Hakurudia. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mguu wa sukari si kidonda cha kawaida. Hospitali walikihangaikia, kikafunga na kufunguka, na hakutembea tena bila kushikwa. Wao ndio waliokuja. Mama Zuhura saa tatu na birika lake. Mama wa Mzee Singh na ungo wa dengu, akivushwa pale kwenye miiba na mwanawe. Mzee wa kinu akipita kusalimu na vumbi la unga kwenye nyusi. Nilihamisha mashine yangu nikaileta barazani, nikawa nafuma katikati yao. Nilijifunza kuchambua dengu. Mikono yangu, ile isiyotulia, ilipata pa kutulia.

Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Aliondoka msimu wa kuvuna mahindi, kukiwa na watu barazani. Hakuwahi tena kuniita jina. Siku nyingine alinikubali, siku nyingine alinitazama kama anayetazama mlango uliofungwa. Nilimwomba msamaha mara nyingi, akasema, "Ndiyo, mama. Asante," kwa sauti ile ile ya ile Jumatatu, na sikujua kama amesikia. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo nimemlea hadi leo.

Sasa wewe unajenga, mwanangu, na unaharakisha. Nakuona ukipima, ukipanga, usiku hulali. Jenga. Weka lango, weka komeo, wezi wapo. Lakini nyumba njema si mlango. Kabla hujaziba kitu ulichokikuta, uliza kilikuwa kinamfaa nani, na usiulize ukiwa umesimama mbali, nenda ukaone. Usiache mdomo wa mtu mmoja baada ya ibada ukuamulie mambo ya nyumba yako. Mzee aliyeanza kusahau usimwonee haya, maana haya yako yeye haimsaidii na wewe inakupofusha. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usiwajibu watu kwema. Piga yowe mapema. Aibu ya yowe huisha kabla ya jua kutua. Aibu ya kunyamaza huzeeka nawe.

Mungu akupe paa lisilovuja na moyo usiojifungia. Akupe majirani wanaojua sauti yako, nawe ujue yao. Wazee wako wazeeke mikononi mwa wengi. Na akupe ulimi mwepesi wa kusema nimekosa, kungali mchana. Amina.